Kiti cha Mzee Elkanah

Nelda Pruitt alitandika kitambaa cheupe kwenye meza yake, nje ya kanisa la Wabatisti la Turley Fork, Kentucky. Akapanga paja la nguruwe, saladi ya viazi na pai ya pichi, kisha akakipangusa kiti cha mwisho wa meza, ingawa hakikuwa na vumbi. Kilikuwa cha babu wa babu yake, Mzee Elkanah Pruitt, aliyelianzisha kanisa hilo. Ilikuwa Jumapili ya kurudi nyumbani, sikukuu ya kanisa ya kila mwaka, na wafu wangekuja kula baada ya ibada, kama kawaida yao.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Ndugu Hobart, karani wa kanisa, alisoma majina kutoka kwenye kitabu cha historia ya kanisa kilichochapwa zamani, na kila aliyetajwa alitoka makaburini akaenda kuketi na damu yake. Ndiyo maana watu wanaotafuta koo zao walikuja kutoka hata Texas, kitabu kile kwapani. Marehemu Asa Sloane, aliyefukuzwa ushirika kwa kupiga fidla, alikuja pia, ila aliishia langoni, na wajukuu wakampelekea sahani hukohuko.

Miaka nenda miaka rudi Mzee Elkanah alikuwa akiketi kwa Nelda. Halafu akaja Vernice Pruitt, mwanamke mweusi, muuguzi mstaafu wa Louisville, na sinia lake la kuku wa kukaanga. Mzee akaipita meza ya Nelda bila kugeuza shingo, akaketi kwa Vernice. Watu wote walielewa palepale maana yake: huyu naye ni damu ya mzee. Wakainamia sahani zao, wakayasifu maharage.

Nelda naye alielewa, lakini wala hilo silo lililomuuma. Kilichomuuma ni kile kiti kitupu. Wivu ulimshika, akaisukuma sahani yake kando.

"Anatia nini kwenye kuku yule?" alimuuliza Hobart.

"Chumvi, Dada Nelda."

Na mwaka uliofuata mzee akaenda kwa Vernice tena. Loo! Nelda alinuna hadi Krismasi.

Vernice mwenyewe hakumjia mzee. Mwisho kabisa wa orodha ya washirika katika kitabu kile palikuwa na Dorcas, mtumwa, hana jina la ukoo, mbele ya jina lake pameandikwa tu "wa Mzee Pruitt." Huyo ndiye aliyemtaka. Kila mwaka alimwomba Hobart amsome, na kila mwaka Hobart, akifika kwa watumwa, alisema "na wengineo" akafunga kitabu, maana chakula kilikuwa kinapoa.

"Mchukue babu yako, mama," Vernice alimwambia Nelda. "Mie sikumwita. Namtaka bibi yangu."

"Unaniringia, siyo?"

"Nikuringie kwa lipi? Mtu mwenyewe anamaliza mapaja yote!"

Nelda akakaa na neno hilo mwaka mzima. Dorcas akija na kuketi kwa Vernice, mzee ataona haya, atahama. Basi Jumapili hii alimbana Hobart mlangoni kabla ya ibada.

"Leo soma mpaka mwisho. Usipomsoma Dorcas, pai yangu utaisikia harufu tu."

Hobart alisoma mpaka mwisho.

Dorcas alitoka upande wa chini wa makaburi, kusiko na mawe yenye majina. Alikuwa kijana kuliko walivyomdhania, na amevaa aproni. Vernice alisimama, akamvutia kiti.

"Karibu, bibi yangu. Kaa. Chako hiki."

Dorcas akaweka mkono juu ya kiti. Mzee Elkanah akafuta midomo, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Nelda. Nelda nusura alie kwa furaha. Ndipo Dorcas alipoondoa mkono kitini, akavunja tawi la mpichi uani, akamfuata mzee, akasimama nyuma yake na kuanza kumfukuzia nzi.

"Ndugu Hobart!" Vernice aliita. "Mwambie akae!"

Hobart alikifungua kitabu, akatazama. "Imeandikwa 'wa Mzee Pruitt,' dada. Mimi nasoma tu."

Vernice akakibeba kile kiti mwenyewe, akakiweka karibu na Dorcas. Dorcas alimgusa shavu, lakini hakuketi. Mzee akagonga kikombe mezani, na Nelda akamjazia.

Alimkatia na pai. Ndiyo siku aliyokuwa akiiomba. Mzee alikula macho yakiwa kwenye nyama. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama Nelda usoni. Nelda alipoinua kichwa, aliona Dorcas amemkazia macho Vernice, hapepesi, kama mama aliyerudishiwa mtoto, huku tawi likienda na kurudi.

Wivu ukamrudia Nelda, mbichi kabisa.

"Dorcas," alisema, "huku kwangu nako kuna nzi."

Tawi likasogea upande wake.