Zege la Jumatatu

Mume wangu Urho ni mtu mwema, lakini kichwa chake ni kigumu kuliko mwamba wa huku kwetu, na mwamba wa huku kwetu si mchezo. Ni lava iliyopoa zamani kabla hata samaki hawajakuwapo, ikabaki na vitundu vitundu, na shaba ikajaa humo. Babu yangu aliifuata shaba hiyo chini ya ardhi mpaka kifua kikamkatalia. Kampuni ya mgodi ilipoondoka ilituachia mchanga wa vinu vya kusagia mwamba kando ya ziwa, mchanga mchafu ambao mpaka leo hauoteshi jani na unaua mayai ya samaki. Ikatuachia na shimo la mgodi nyuma ya sauna yetu, kibanda chetu cha kuogea mvuke.

Shimo hilo nalipenda, sifichi. Zamani popo walilala humo majira yote ya baridi, maelfu kwa maelfu, kwa sababu kule chini hakugandi. Kisha ukaja ugonjwa wa kuvu nyeupe iliyowaota puani, tukawa tunawazoa wamekufa kwenye theluji kwa koleo. Nililia kama mtoto. Tangu hapo kila jioni ya kiangazi naenda ukingoni kuangalia kama wamerudi.

Na Urho, bila hata kuniuliza, akaiomba ofisi ya migodi ije izibe shimo kwa zege! Nilipata habari lori limeshapangiwa Jumatatu.

Jumamosi alasiri akaja mkaguzi, Denise Trevarrow, kuweka alama za mwisho. Sikumpa nafasi ya kushuka vizuri kwenye gari.

"Weka geti la vyuma, binti. Popo wapite."

"Mama Lempi, popo gani? Mwezi wa sita, tulipokagua mashimo yote ya zamani, nilikaa hapa mpaka usiku, sikuona hata mmoja. Nimerudi leo kwa kuwa mwisho wa Agosti ndipo huanza kuzunguka mashimo yao. Nisipowaona, siwezi kulizuia lori."

"Basi kaa mpaka giza liingie. Sauna inapashwa moto."

"Sikuja na taulo."

"Kwani sisi tumekosa taulo?"

Hapa kwetu hakuna anayeikataa sauna ya Jumamosi, hata polisi. Wanawake tukatangulia. Urho alibaki jikoni na mkate wake wa iliki, amenuna, maana tangu habari ya zege nilikuwa namjibu kwa mguno tu.

Nikayamwagia maji mawe ya moto. Mvuke ukatupanda.

"Mama! Masikio yanaungua!"

"Bado hatujaanza. Geuka." Nikamchapa mgongoni kwa fagio la majani mabichi, kama ilivyo desturi ya sauna, akacheka mpaka akapaliwa. "Unahitaji kuona popo wangapi?"

"Hata kumi, mama. Kumi tu wananitosha."

Giza lilikuwa linaingia. Nje ghafla kelele: "Lempi! Toka! Toka upesi!"

Nikadhani nyumba inaungua. Tukachomoka na taulo zetu, mimi fagio bado mkononi, mvuke ukitutoka mwilini. Urho alikuwa amesimama karibu na shimo, kofia mkononi, na juu ya upara wake popo walikuwa wanazunguka, wanaingia, wanatoka, wanarudi tena. Denise akaanza kuhesabu kwa sauti, akapotea, akaanza upya, akashindwa, akanikumbatia.

"Lori haliji!" akapiga kelele. "Haliji!"

Nami nikamkumbatia kwa nguvu. Kisha nikamgeukia mzee wangu.

"Wewe si ndiye uliyetaka zege? Huku umefuata nini?"

"Una mgeni. Nimekuja kukuangalizia popo wako."

"Na zege je?"

"Zege ni kwa ajili yako wewe. Kila jioni unainama pale ukingoni na hayo magoti yako mabovu. Mimi nakaa jikoni nimetega sikio, nasubiri kusikia ukianguka. Popo nawapenda, Lempi, lakini sijawaoa."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikiliza?"

Nisingemsikiliza. Akamgeukia Denise. "Ukiweka geti, weka na uzio, tena mrefu. Halafu uweke benchi nje ya uzio, la kutosha watu wawili."

Nikamchapa kwa fagio langu la majani, nikambusu mbele ya serikali. Taulo likaanguka, nikaliacha hapo hapo.