Ombi la Felisian

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, afisa mmoja alifika mwaloni Guta, mitumbwi inapotua kando ya ziwa. Wavuvi walimchagua Felisian awaombee wabaki karibu na maji, maana samaki hangoji mtu. Hapo ndipo walipokosea. Felisian hakuweza kuona watu wamekusanyika asitie chumvi.

"Ndugu zangu, mkihamia kule juu, ziwa mtaliweza?" afisa aliuliza.

Felisian alikohoa ili aanze ombi. Bahati mbaya, kina mama waliokuwa wakianika furu, vile visamaki vidogo, walishaanza kucheka kabla hajasema neno, na kicheko kwake kilikuwa pombe.

"Ziwa?" akasema. "Mimi naendaga Bunda mjini na kurudi, sato yuko begani bado anapiga mkia!"

Watu wakavunjika mbavu. Afisa hakucheka. "Vizuri. Kumbe umbali si tatizo."

Wakapimiwa viwanja mbali kabisa, katikati ya pamba. Samaki wakawa wanafika wamelegea, macho meupe.

"Baba Nyamburi," Boke, mke wa Felisian, alimwambia mumewe akiziba pua, "huyu naye anapiga mkia?"

Mmoja mmoja wavuvi wakashika jembe, watoto wakazoea ugali kwa mlenda. Felisian aling'ang'ana peke yake, mpaka palizi ikamzuia kushuka ziwani kwa majuma. Aliposhuka, alikuta mtumbwi umekosa wa kuumwagia maji, jua limeupasua tumbo lote.

Jioni aliwaambia wenzake kilabuni, "Mtumbwi umepasuka. Mimi si mvuvi tena."

Wakaanza kucheka, wakimsubiri amalizie. Hakuwa na cha kuongeza.