Viinitete Vitano vya Plasta

Mvua iliposhuka ghafla mchana ule, fundi sanamu alikuwa bafuni, mwili mzima povu tupu. Akamsikia mkewe uani, "Baba Mapacha! Watoto wako wanalowa!" kisha mbio za kandambili. Alipochomoka na taulo kiunoni, akakuta kazi yake ya msimu mzima, aliyoianika uani, imeshafika mezani salama: viinitete vitano vya plasta, viumbe kama walivyo siku za mwanzo kabla ya kuzaliwa au kuanguliwa, kila kimoja ukubwa wa ngumi, vimelala kwenye sinia.

"Nimekuokolea wote," mkewe alisema, bado anahema.

"Ahsante, mke wangu. Na vikaratasi?"

"Vikaratasi gani?"

Ni vile vya majina vilivyokuwa chini ya kila kimoja: samaki, kobe, kuku, ng'ombe, mtu. Muda huo vilikuwa vimeshageuka uji mferejini.

Fundi akavuta kiti. Akanyanyua kimoja, akakigeuza, akakirudisha, akachukua kingine. Vyote vimejikunja, kichwa kizito kimeinamia kifuani, mikunjo midogo shingoni, kimkia kimepinda. Yeye aliyevifinyanga hakujua kipi ni kipi, na jasho likamtoka juu ya maji ya kuoga.

Vilikuwa vya jumba la makumbusho la chuo, na mhadhiri aliyemwagiza alimwonya mapema. "Fundi, nakuomba usinipendelee. Zamani wapo waliochora viinitete wakazidisha kufanana ili hoja yao ipendeze, na aibu yake tunayo mpaka leo. Fuata picha nilizokupa. Panapotofautiana, paache patofautiane." Na fundi alijijua. Sanamu zake za watu zote hutoka na pua ya marehemu baba yake. Je, mkono umemponyoka tena, ukavifananisha vyote?

Mkewe akamsukuma kwa kiwiko. Alikuwa mkunga tangu ujana. "Wewe nawe! Mtu si huyu hapa? Nusu ya mji huu nimeipokea mimi, nitashindwa kumjua binadamu?" Akakitenga kimoja, akakifuta taratibu kwa pindo la gauni.

Muda si mrefu mhadhiri alipofika kuvikagua, msichana wa umri wa binti yao, fundi alimweleza yote bila kupinda maneno. Mhadhiri akatoa picha mkobani, wakakaa watatu kulinganisha.

"Huyu samaki," alianza. "Mikunjo ya shingo ni mingi kuliko ya wenzake. Huyu mwenye jicho kubwa hivi ni kuku. Kobe huyu, ona ukingo ubavuni, gamba litaanzia hapo." Vikabaki viwili. Akaangalia picha, akaangalia plasta, akarudia, akakuna kichwa. "Hawa wanatesa. Lakini mama, uliyemtenga wewe... ni ng'ombe."

Mkunga akashika kiuno. "Ng'ombe! Yaani hapa nilikuwa nambembeleza ndama?"

Walicheka mpaka fundi akalazimika kulishika sinia lisidondoke.

"Haya, mwalimu," mkunga alisema akijifuta macho. "Samaki namwelewa, anahitaji matamvua. Mtoto wa mtu na mikunjo ya shingoni wapi na wapi?"

"Hapo penyewe, mama. Kwa samaki mikunjo hiyo huja kushika matamvua. Kwetu haiwi matamvua hata siku moja. Inatengeneza taya, vifupa vya ndani ya sikio, na sehemu za koo. Mkia nao unanywea, kinabaki kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Kama kila mnyama angeanzwa upya peke yake, ya nini kuota mkia halafu kuufuta? Tumerithi. Zamani za kale tulikuwa na mzazi mmoja, ukoo ukatawanyika."

Mkunga akapapasa taya lake polepole, kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Kwa hiyo huyu ndama na mimi..."

"Mabinamu. Wa mbali sana."

"Basi sijakosea sana. Nimemtambua jamaa."

Fundi alikuwa akipitisha kidole kwenye kile kiukingo cha kobe, kisha kwenye jicho la kuku. Tofauti zote zilikuwapo, ndogo lakini za kweli, kama zilivyo pichani. Mkono wake haukusema uongo. Ndipo akakumbuka kwamba bado yumo ndani ya taulo, mbele ya mgeni. Akakimbilia chumbani, vicheko vikimfuata mgongoni.

Aliporudi na shati na gundi, mhadhiri akamzuia. "Majina bandika chini ya kitako, fundi. Watu wakisie kwanza."

Siku ya ufunguzi msongamano mkubwa ulikuwa kwenye meza hiyo. Muuza nyama mmoja aliapa kwamba kuku ni mtu, akapindua, akabaki mdomo wazi. Watu wakabishana, wakainama, wakaanza kuangalia kweli. Mkunga alisimama pale na gauni lake jipya, akimweleza kila aliyekosea kuhusu taya, sikio na kifandugu, kana kwamba alizaliwa akilijua somo.

Mhadhiri akamsogelea fundi. Alitaka safu ya pili: wale wale watano wakiwa wamekua zaidi, kila mmoja ameshika njia yake, mapezi, gamba, mdomo, kwato, vidole. Fundi alikubali kabla sentensi haijaisha. Kesho yake asubuhi akakoroga plasta, akaegemeza picha dirishani penye mwanga, akaanza na vidole.