Isale Ndani ya Ndoo

Sijawahi kushindwa na mmea. Nimekulia Mamba Miamba, juu kule ambako ukisahau mkongojo shambani utaukuta na majani. Kwa hiyo mdogo wangu Zephania aliposhuka Same kunipigia hodi na isale mkononi, mmea wetu wa mipaka, nilimkabili bila wasiwasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na hilo?"

"Unalijua. Nimekosa, dada."

Kwetu Upare mtu akikuletea isale kuomba radhi, humfukuzi. Wengine huleta jani tu. Zephania aling'oa mche mzima na mizizi yake, ule ule wa mpaka aliousogezea upande wangu ili tangawizi yake ipate nafasi kwenye shamba nililopewa na baba. Tangu hapo hatukusemezana. Hata binti yangu Priska alipoolewa, kiti cha mjomba kilikaa kitupu.

Humfukuzi, lakini hakuna aliyesema lazima umchekee. "Nalipanda humu ndani," nikamwambia. "Likishika, nimekusamehe. Likifa, usinijie tena." Akaitikia kwa kichwa, akarudi mlimani. Isale halifi, kila Mpare anajua. Nilitaka tu ahangaike kidogo.

Nikachukua ndoo tupu ya rangi, nikaijaza samadi mbichi ya ng'ombe na udongo, nikamwaga maji kama ninavyomwagia mgomba. Kila asubuhi nikaongeza. Majani yakageuka manjano, shina likalegea, na sebule ikanuka zizi. Hapo hofu ikanishika. Mdomo uliponza kichwa: ndugu niliyebakiwa naye ni huyo mmoja, nami namtaka.

Nikamwita jirani yangu Mwanaasha, ambaye baraza lake limejaa maua kwenye makopo. Aliinama, akanusa, akaziba pua.

"Mama Priska! Ndoo haina hata tundu! Maji yatokee wapi? Na samadi mbichi inaunguza mizizi. Hapa si shambani, mwenzangu, mmea uko kifungoni."

Nilikuwa na jibu kali, nikalimeza. Tukalitoa isale, tukaosha mizizi, tukakata yote iliyooza, nyeusi na yenye utelezi. Kilichobaki hakikujaa kiganja. Nikataka kulihamishia kwenye chungu kikubwa lipumue, Mwanaasha akakataa: mizizi kidogo, chungu kidogo, maana udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji tu. Akachagua chenye matundu chini, akachanganya udongo, mchanga na samadi ya zamani isiyo na harufu. Tukamwagilia mpaka maji yakatoka chini.

"Sasa usilimwagilie tena mpaka uchomeke kidole ukute pakavu. Liweke penye mwanga, jua lisilipige. Halafu liache."

Kupanda naweza. Kuacha ndiko kulikonitesa. Nilizunguka chungu kile kama kuku anayetafuta pa kutagia, na hakuna jani jipya lililotoka.

Zephania akaja bila taarifa. Hakufika hata kwenye kiti. Aliona shina tupu na majani mawili ya manjano, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimeliona, dada. Asante kwa kujaribu." Akageuka kuelekea mlangoni.

"Zephania! Rudi hapa! Nani kakwambia limekufa?"

Nikakipindua chungu, nikakigonga kitako, isale likatoka na udongo wake wote juu ya zulia. Nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa vidole. Mdogo wangu akachuchumaa karibu yangu, pumzi zinamwenda mbio. Nilifukua nikimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Huu hapa," nikasema.

Mzizi mmoja, mweupe, mfupi kuliko ukucha. Zephania akaugusa kwa ncha ya kidole, akalia kama alivyolia siku tulipomzika mama, nami nikamshika shingo nikalia naye. Nilikuwa nimekwishaamua. Hata nisingeuona, ningemwambia upo.