Mavyaa wa Msituni

Najib alipotangaza kwamba atafunga mitego ya kamera kandokando ya njia ya msituni, Lydia alisikia neno moja tu: mitego. Mengine yalimpita. Huyu Najib ni mtoto wa dukani. Baba yake, Bishar, anauza sukari na kandambili pale Garsen, naye amerudi kutoka Nairobi na ujuzi wa kupiga picha na kazi kwenye shirika la kulinda wanyama. Hakuonekana mtu wa kutega. Lakini mtego ni mtego, na mguu wa kunaswa ungekuwa wa Lydia.

Basi mwezi mzima alikwenda kukata ukindu wa kusukia mikeka macho yakiwa chini. Alichokoa majani kwa fimbo, akaruka kila mmea unaotambaa, akazunguka kila shimo la ngiri. Mtego anaoujua yeye ni kitanzi au shimo. Kile kijisanduku cha kijani kilichofungwa kwenye mkuyu, usawa wa kifua, alikiona mara mbili akadhani ni kitu cha wapima ardhi. Hata salamu hakukipa.

Kijisanduku nacho kilimwona. Tena kilimsikia.

Siku tatu kabla ya baraza, Najib akaja nyumbani kwa Lydia na kompyuta yake. Baraza lenyewe lilikuwa la jambo moja: njia ile ifungwe au iachwe wazi. Shirika lilidai wasukaji wanaumaliza mkindu, na tunda la mkindu ndilo chakula cha kima wa Mto Tana, ambaye hapatikani kwingine duniani. Wasukaji walidai hawaumalizi. Kudai ni rahisi, kila mtu ana mdomo. Lakini njia ikifungwa mikeka imekwisha, na Lydia aliipenda kazi ile kuliko alivyopenda kulima, ingawa hakuwa amemwambia mtu.

"Mama, kaa," Najib akasema. "Huu ni ushahidi mzuri sana kwenu wasukaji. Lakini kwanza uone wewe."

Kwenye kioo, Lydia ameinama mbele ya mkindu, leso imemkaa kombo. Hatua mbili nyuma yake, juu ya gogo, ameketi kima jike mzee mwenye shungi kichwani, anapepesa kope zake nyeupe polepole kama mtu aliyeletewa mboga isiyo na chumvi. Lydia wa kwenye kioo akamgeukia.

"Mavyaa, umelalaje? Mgongo je? Mahindi ya bondeni yamekomaa, wiki hii tunavuna. Haya, mavyaa, wewe ndiwe shahidi wangu: shina moja, jani moja, moyo wa mkindu sijaugusa. Usije ukanisemea. Endelea kukaa hivyo hivyo, maana kutazama wenzio wakifanya kazi ndiko kulikokuleta duniani."

Lydia aliifunga kompyuta kama anavyofunika sufuria inayofurika. Mavyaa wake wa kweli, Mama Jilo, aliyemzaa mumewe, alikuwa upande wa pili wa ukuta akichambua kunde. Na huyu Lydia, kwa taarifa yako, ndiye anayewafunda maharusi wa kanisani. Somo lake kubwa ni heshima kwa mavyaa: mbele yake sema machache, mwekee chakula, ondoka.

"Kata hilo neno," akanong'ona. "Bakisha shina moja, jani moja."

"Yameshikana, mama. Nikikata, watasema Najib amepika."

"Basi toa sauti."

"Nikitoa sauti unabaki mama anakata mkindu tu. Hiyo ndiyo picha wanataka wale wa kukufukuza." Najib akaifuta kompyuta kwa kiganja. "Lakini mimi sionyeshi kama hutaki. Sura yako, maneno yako. Wewe useme."

Ruhusa nayo ni mzigo. Angeonyesha bila kuuliza, Lydia angepata mtu wa kumlaumu maisha yake yote. Sasa kijana huyu mwenye adabu zake alikuwa amemwachia kaa la moto mkononi, akaaga, akaenda zake. Siku mbili Lydia hakulala vizuri. Siku ya tatu alfajiri alijiambia mficha uchi hazai, akapiga simu.

"Onyesha. Na sauti yote."

Matumaini yake yote aliyaweka kwenye masikio ya Mama Jilo, ambayo miaka hii hayasikii vizuri. Hakujua kwamba Najib ameazima spika za harusi.

Ukumbi mzima pale Garsen ulisikia. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na maharusi aliowafunda mwenyewe ndio waliocheka zaidi. Lydia alitamani ardhi ipasuke. Afisa wa misitu, mama mmoja aliyetoka Hola, ndiye peke yake asiyecheka. Aliomba irudiwe, akasogea karibu, akahesabu majani kwa kidole, akatazama yule kima aliyetulia bila kuogopa.

"Njia haifungwi," akasema. "Kanuni hiyo iandikwe kama alivyoisema, na kila msukaji aifuate."

Wanawake wakapiga vigelegele. Lydia hakupiga, kwa sababu Mama Jilo, aliyekuwa kiti cha mbele, alikuwa anainuka na mkongojo wake.

"Nimesikia," Mama Jilo akasema. "Kutazama, kweli natazama. Kwa umri huu nifanye nini kingine? Na kusemwa si neno. Mimi mavyaa wangu nilimwita kiboko, na alijua." Watu wakacheka tena, kidogo. Yeye hakucheka. "Lakini yule wa msituni anaulizwa amelalaje. Anaulizwa mgongo. Mahindi yakikomaa, anaambiwa yeye. Mimi niko pale pale nyumbani, nawekewa sahani, na mtu anaondoka."

Hapo hakuna aliyecheka. Lydia aliona haya, si zile za leso kukaa kombo, bali haya za mtu aliyefundisha jambo miaka mingi na kugundua kwamba hakulielewa. Kumbe mwenzake aliiona heshima yote ile kuwa ni kutengwa.

Ilikuwa saa kumi jioni. Afisa alikuwa amefunga faili, anasubiri kufunga mkutano kwa sala. Lydia akapita katikati ya watu, akachuchumaa kando ya kiti cha mavyaa wake, akamwuliza swali la asubuhi mbele ya ukumbi mzima.

"Mama, umelalaje?"

"Vibaya," Mama Jilo akasema, akaketi vizuri, akaanza kuhesabu maumivu yake, kwanza goti la kushoto.