Mgongo wa Kitabu cha Kiapo

Saa mbili na robo ya Jumatatu asubuhi, wanaume sita waliteremsha Kitabu cha Kiapo kwenye ngazi za Idara ya Uchapaji ya Serikali, mmoja akihesabu moja, mbili, moja, mbili, ili wasije wakakanyagana. Walikitua juu ya meza ya mjalidi, fundi wa kushona vitabu, meza ikalia, nao wakajifuta jasho na kuuliza kama kuna maji ya kunywa.

Kitabu chenyewe si kikubwa. Hakizidi trei ya chai. Ila kila kiongozi aliyewahi kuweka mkono juu yake na kuapa alikiongezea uzito kidogo, na nchi ile imeapisha watu, weee! Kwenye picha ya zamani, Gavana wa kwanza, yule aliyekuja na padri mmoja na bendera moja, amekishika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika kofia. Rais wa kwanza alishikiwa na askari wawili. Kufikia mwaka huu Kitabu kilikuwa na kitengo chake cha wabebaji, kitengo kina mkuu, mkuu ana naibu, na naibu hajawahi kubeba kitu. Hakuna aliyeona ajabu. Kila mwaka Kasisi wa Serikali alieleza redioni kwamba ule ni uzito wa baraka.

Sasa mgongo wa Kitabu ulikuwa umepasuka kwa baraka hizo, kurasa zimeanza kuchomoza, na Jumamosi Rais mpya alitakiwa kuapa. Mkuu wa idara, ambaye wafanyakazi humwita Bwana Taratibu kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, alimwambia mjalidi kwamba ana siku nne.

Mjalidi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mabega mapana, miwani ameifunga kwa uzi wa kushonea vitabu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na tisa, na wiki ile hakuwa na hamu nayo hata chembe. Nyumba ya mama yake ilikuwa imechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, mlangoni na ukutani, na Jumatatu iliyofuata ingebomolewa. Mahali pale pangejengwa Nyumba ya Sala ya Taifa. Rais mpya alikuwa ameiahidi kwenye kampeni, maana yeye kila mkutano alianza kwa sala na kumaliza kwa sala, na katikati alisema kwamba taifa hili lilizaliwa juu ya Kitabu na wasiolipenda wajue pa kwenda.

Barua ya kumhamisha mama ilisema ardhi ile ilitolewa na wazee kwa Mungu, bure na milele, siku taifa lilipoanzishwa. Mama, mwenye miaka themanini na minne, alisema huo ni uongo mtupu. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee saba waliompokea yule padri, na hawakumpa ardhi, walimwazima. Mjalidi alikuwa amezunguka ofisi miezi minne na maneno hayo. Njoo kesho. Mhusika ametoka. Una maandishi? Mjalidi aliulizwa hivyo mpaka akachoka hoi, kwa sababu maandishi hakuwa nayo.

Basi alichukua kisu akaanza kubandua ngozi ya mgongo.

Hapa inafaa kusema jinsi wajalidi wanavyofanya kazi, kwa kuwa mambo yote yalitokana na hilo. Kati ya ngozi ya mgongo na kurasa huwa kuna karatasi za kujazia, zilizopakwa gundi ya unga, ili mgongo ukae imara. Karatasi hizo hazinunuliwi. Fundi huokota chochote kilichomaliza kazi yake: matangazo ya mwaka jana, barua zilizokwisha kujibiwa, bahasha. Mjalidi mwenyewe alikuwa amejazia vitabu vya sheria kwa orodha za chai ya wafanyakazi. Fundi wa Gavana naye alifanya vivyo hivyo. Aliambiwa ajalidi Kitabu, akatazama mezani kwa mkubwa wake kuna karatasi gani isiyo na kazi tena, akachukua hiyo.

Mjalidi alipoilainisha karatasi hiyo kwa maji ya uvuguvugu, ikatoka nzima. Ilikuwa na mistari minne ya mwandiko mzuri na alama saba za vidole gumba. Iliandikwa hivi: sisi wazee saba tumemwazima mgeni huyu eneo hili kwa misimu miwili ya mavuno, ili apate pa kulala na pa kusalia, kisha aturudishie.

Wino wa vidole ulikuwa bado mbichi. Ulimchafua mikono na aproni. Alama ya tatu ilikuwa na mstari ulioikata katikati, na huo mjalidi aliujua tangu utotoni bila kuliona gumba lenyewe: babu yake alijikata gumba kwa mundu, likabaki na kovu, na mama alipenda kuuchora mstari huo kwa mkaa akisimulia. Mjalidi alikaa kwenye kiti akalia kidogo, kisha akapenga kamasi akaendelea na kazi, maana gundi ilikuwa inakauka.

Alipokiinua Kitabu ili apulize vumbi, kiliinuka kwa mkono mmoja. Karatasi nayo haikuwa nzito. Uzito ulikuwapo tu vikiwa pamoja.

Hakufanya siri. Alitoa nakala tatu kwenye mashine ya idara, nazo zikatoka na wino mbichi, akapanda na karatasi yenyewe mpaka kwa Bwana Taratibu. Bwana Taratibu aliisoma mara mbili, akakubali kwamba iko wazi kabisa, akapiga simu. Baada ya saa moja Kasisi wa Serikali akaja, kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye sauti nzito, akamwita mjalidi binti yangu. Mjalidi, ambaye angeweza kumzaa, aliitika. Kasisi hakuisoma karatasi kwanza. Alikishika Kitabu, kikamwinukia kirahisi mno, naye akakirudisha mezani haraka.

"Hiki hakiwezi kwenda uwanjani hivi," alisema. "Watu watakiona chepesi."

Mjalidi akamwonyesha mistari minne. Akamwambia kwamba alama ya tatu ni ya babu yake, na kwamba Jumatatu tingatinga linakuja kwa mama yake. Aliomba jambo moja tu: nyumba isibomolewe. Wakitaka wabaki na Kitabu, uzito, kila kitu.

Kasisi alisoma polepole, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni kweli, walimwazima padri," alisema. "Lakini aliyekaa ni Mungu, binti yangu. Nani atamwambia Mungu ahame?"

Mjalidi alimtazama Bwana Taratibu. Bwana Taratibu alitazama dirishani, akasema karatasi ilipotoka ndipo irudi, hiyo ndiyo taratibu.

Ijumaa asubuhi aliomba ruhusa ya saa mbili akapeleka nakala kwenye ofisi ya ardhi. Karani aliisoma, akasema maskini, kumbe ni kweli yule bibi alivyokuwa akisema. Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaiweka kwenye jalada lenye nakala nyingine za namna hiyo, za maeneo mengine, zote mbichi, na akaenda kunawa mikono. Kulikuwa na sabuni maalumu pale kwa kazi hiyo. Mjalidi alitoka akiwa na hasira hata akapita kituo chake cha basi bila kukiona, akatembea kwa miguu mpaka kazini.

Karatasi aliirudisha, kama alivyoamriwa. Ila hakuirudisha mgongoni. Aliitandaza chini ya ngozi ya jalada la mbele, pale mikono inapowekwa, na ngozi akaikwangua kwa ndani mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akaita wabebaji. Bwana Taratibu hakukagua jalada. Aliwatazama wale sita wakikunja magoti na kutoa mishipa ya shingo, akaridhika.

Jumamosi mjalidi na mama yake walikaa mbele ya televisheni. Mama alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake kwenye mashuka mawili, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kujidanganya. Rais mpya aliweka mkono wa kulia juu ya Kitabu, akaapa kulinda watu na mali zao, akamwita Mungu awe shahidi. Meza ilizama kidogo kwenye zulia. Kisha akainua mkono kuwapungia watu, na kamera ikausogelea. Kwenye kiganja kulikuwa na alama saba za vidole gumba, nyeusi, zinameremeta.

"Huyo wa tatu ni baba," mama alisema.

Uwanja mzima ulikikodolea macho kiganja. Mjalidi aliinuka kitini. Sasa watauliza, alifikiri. Mtu yeyote mwenye macho atauliza hivi vidole ni vya nani, na anayeuliza atajibiwa. Rais alikitazama kiganja chake, akajaribu kukifuta kwa kitambaa, wino ukakataa kutoka. Akamtazama Kasisi.

Kasisi alishika maikrofoni. Alisema waasisi saba wamemgusa mtumishi wao. Alisema watu wenyewe wameona, kwa macho yao, kwamba ardhi hii na kiti hiki vimetiwa saini mbinguni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, watu wazima wakalia, na kufikia jioni zilikuwapo fulana zenye kiganja. Mjalidi alizima televisheni. Alitamani kuvunja kitu, lakini vyombo vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mashuka.

Jumatatu tingatinga lilikuja saa tatu, kwa wakati. Msimamizi alikuwa mtu mpole, akamletea mama kiti akae kivulini. Mama alikikataa, akasimama mbele ya mlango wenye X.

"Mwambieni mgeni wenu misimu miwili imekwisha," alisema.

Msimamizi akaandika maneno hayo kwenye ripoti yake, sehemu ya maoni, akamsomea mama ili athibitishe. Mama akathibitisha. Nyumba ilichukua dakika kumi na moja.

Wiki iliyofuata Rais alikuja kuweka jiwe la msingi. Wino ulikuwa haujakauka, ukabaki kwenye jiwe, alama zote saba. Jiwe lilijengewa ukutani karibu na mlango wa Nyumba ya Sala ya Taifa, nyuma ya kamba nyekundu. Mjalidi alipata barua ya pongezi kutoka ofisi kuu. Siku hiyohiyo aliteremshiwa Vitabu kumi na viwili, vya mawaziri, na agizo kwamba navyo vifanyiwe kama kile. Bwana Taratibu alikuwa ameshaomba nakala kutoka ofisi ya ardhi. Walizituma boksi zima, kwani wanazo tele. Mjalidi alizitazama zile karatasi, vidole vya wazee wa kila mahali, akavaa aproni. Alikuwa na miaka mitatu kabla ya kustaafu na mama wa kulisha.

Mama anaishi naye sasa, kwenye chumba kilichokuwa cha kuanikia nguo. Hasali sana, lakini Jumapili huamka mapema kuliko wote, huvaa viatu, huenda kupanga foleni. Foleni huanzia pale lilipokuwa jiko lake. Husogea kupitia sebuleni, hukata kona pale kilipokuwa kitanda alichomzalia mwanawe, sasa ni ngazi za mawe, na hufika kwenye kamba. Kila muumini anaruhusiwa kugusa jiwe mara moja. Wengine hugusa alama zote. Mama huweka kidole kwenye ya tatu, juu ya kovu, na kumweleza baba yake habari za wiki: nani mgonjwa, chumba kina joto kiasi gani, kwamba mwanawe amekonda.

"Songa mbele, bibi," mlinzi humwambia. "Wenzako wanasubiri."

Yeye husonga. Akirudi nyumbani huwa na wino kidoleni, na hakubali kuuosha mpaka jioni. Mchana hula kwa kijiko.