Seli za Mama

Mama alipofariki kwa saratani ya titi, mdogo wangu alibaki na kipande chake. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliwaomba madaktari kipande kidogo tu cha ule uvimbe, akakikuza kwenye chupa maabarani, na seli zikashika. Mimi huko nilikokuwa nikitangatanga napata habari: mama bado anazaana chupani.

Kwa seli zile akawa profesa. Alinieleza kwamba saratani si lazima iharibu jeni. Nyingine inazipiga kufuli tu. Jeni iko nzima, ila kimya. Yeye alipata dawa ya kufungua kufuli hilo, na hospitalini wanawake wenye uvimbe kama wa mama walishachaguliwa kuijaribu.

Safari hii niliporudi kumtembelea nilimkuta maabarani amekaa tu, glavu mikononi.

"Kaka, jarida la sayansi linalochapisha utafiti wangu lilitaka tuthibitishe seli ni za nani. Tumepima. Majibu yanasema mama ni mwanamume."

"Alikuwa mkali, lakini si kiasi hicho."

Alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikageuka kilio.

Kosa lilitokana na kubana matumizi. Maji ya kulishia seli ni ghali, basi siku za mwanzo alizilisha za mama na za mzee mmoja wa saratani ya ini kutoka chupa moja ya lishe. Tone lenye seli za mzee likapenya humo. Zile hukua kwa pupa. Zikamaliza nafasi, za mama zikafa. Kwa hadubini zilionekana zile zile. Miaka yote alikuwa akimlea mzee wa watu.

Mkuu wa idara akaingia, akafunga mlango.

"Profesa, umebakiza mwaka ustaafu. Rudieni kupima, taratibu."

"Tumerudia mara tatu."

"Basi ya nne. Ukilisema hili unabaki na nini?"

"Sibaki na kitu."

"Sasa haraka ya nini?"

"Wale wanawake wanaanza kumeza dawa Jumatatu, mkuu."

Mdogo wangu akawaandikia jarida na hospitali, mimi nimekaa pale pale. Majaribio yakasimamishwa. Wanafunzi wake wakahamia kwa wengine, wakimwamkia kwa mbali. Chupa zote akazimwagia klorini. "Samahani, mzee," akaiambia ya mwisho.

Kisha mmoja wa wale wanawake akatukuta ofisini, akaketi, mkoba mapajani.

"Nasikia hamna tena dawa."

"Tuliipima kwenye saratani ya mtu mwingine, dada yangu. Siyo kama yako. Sijui itakufanya nini."

"Na mimi nikikubali hivyo hivyo?"

"Siwezi kukupa."

"Lakini si unayo?"

Ilikuwa kwenye jokofu, nyuma ya kiti cha mdogo wangu.

"Ninayo."

Yule mama hakuondoka. Alikaa akilitazama jokofu, na kati yangu na mdogo wangu hakuna aliyethubutu kumwambia anyanyuke.